Tupewe Simu Moja Tuwaone Wadudu Wetu

Ndugu wasomaji, najua wengi wenu mkilipata jarida hili hukimbilia kwanza ukurasa wa vichekesho, kisha ule wa salamu. Siwalaumu, hata mimi ndivyo nifanyavyo. Lakini leo nawaomba mtulie kidogo na mfumbue macho, kwa maana maoni yangu yanahusu viumbe ambao tunawakanyaga kila siku bila kuwaona. Nitasema wazi ninachokitaka mapema, ili mwalimu asije akasoma hadi mwisho ndipo agundue na kukasirika. Nataka shule iruhusu Chama cha Kiswahili kiwe na simu moja, isiyo na laini, iliyofungwa kijilenzi mbele ya kamera yake, ya kuwapigia wadudu picha za karibu. Ninyi mnaocheka huko nyuma, subirini.

Sisi watu wa Busia na Malaba tumezoea ukaguzi. Hapa mpakani kila kitu hukaguliwa. Malori hulala foleni Malaba huku dereva ameshika rundo la karatasi. Mama wa mayai huulizwa ametoka wapi, na mwenye mitumba huulizwa anaenda wapi. Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walikuja kufungua rasmi kituo cha pamoja hapa Busia, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya kupanga foleni mara mbili. Hata hivyo yuko msafiri ambaye hajawahi kusimamishwa hata siku moja. Hana kitambulisho wala pasi wala mzigo. Yeye huvuka usiku, juu ya mto Sio na mto Malaba, na kukipambazuka yuko ndani ya mahindi ya mama yako.

Namzungumzia kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni kule Amerika. Barani Afrika aligunduliwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa Afrika Magharibi, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amekwisha kupiga kambi katika mashamba ya magharibi mwa Kenya. Nondo wake, yaani yule mzazi mwenye mabawa, aweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo. Hutaga mayai 100 hadi 200 mahali pamoja, kisha huyafunika kwa manyoya yake ya kijivu, kama mama anayefunika wimbi uani wingu likitanda.

Sasa, shida yangu iko hapa. Mkulima akiona majani ya mahindi yametobolewa tobo tobo, anakimbia dukani. Muuza dawa anamwuliza, "Ni mdudu gani?" Naye anajibu, "Si ni wale tu wadudu." Basi anauziwa chupa iliyo karibu na mkono. Ananyunyiza. Wiki inayofuata mashimo yameongezeka, naye anarudi dukani kulaumu dawa. Kumbe wanaoweza kutoboa mahindi yetu ni wengi, na tabia zao ni mbalimbali. Yuko funza wa mabua, ambaye babu zetu walimjua kitambo. Huyu huingia ndani ya bua, na akishaingia, kumnyunyizia dawa kwa juu ni sawa na kumwogesha mtu aliyejifungia nyumbani kwa kumwaga maji juu ya paa. Yuko pia kiwavijeshi wa zamani, yule wa Afrika, ambaye huja kwa makundi, hutembea na wenzake kama watu wanaotoka mkutano wa hadhara, hula nyasi na nafaka, kisha huenda zake. Huyu vamizi haendi zake. Anakaa katika moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, na kuziba mlango kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Ukimpulizia dawa akiwa amenenepa humo ndani, umepuliza pesa.

Kumtambua si uchawi. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana vidoa vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe nne za mraba. Ukiziona alama zote mbili umemshika. Taabu ni kwamba akifikia sentimita tatu, wakati ambapo kila mtu anaziona alama hizo, amekwisha kula na kushiba. Akiwa wa sentimita moja hivi alama zipo, lakini jicho la nyanya yangu haliwezi kuziona, na langu pia kwa shida. Hapo ndipo picha ya karibu inapokuwa na faida ya unga na ugali, si ya mapambo. Unampiga picha, unaikuza kwenye kioo cha simu, unamwonyesha nyanya. Yeye mwenyewe anahesabu vile vidoa: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Tena unaweza kumwonyesha mayai yaliyofunikwa manyoya ili ayaponde kwa vidole kabla hayajaanguliwa, kazi isiyogharimu hata senti.

Muhogo nao una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, Uganda ilipigwa na ugonjwa mkali wa muhogo unaofanya majani yawe na mabaka ya manjano na kujikunja. Katikati ya miaka ya 1990 ugonjwa huo ulikuwa umevuka na kuingia huku kwetu, na watu wazima bado wanasimulia jinsi mashamba yalivyokauka. Anayeubeba ni inzi mweupe, mdudu wa milimita moja hivi, anayekaa chini ya jani. Ukilitikisa jani unaona kitu kama vumbi la unga kimeruka, basi. Nimewauliza wanafunzi kumi na wawili wa kidato changu, wote wa nyumba zinazolima muhogo, na wote wanajua majani yaliyojikunja. Hakuna hata mmoja aliyepata kumwona mdudu mwenyewe uso kwa uso. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna na mbung'o. Kwa miaka mingi eneo letu la Busia na Teso lilijulikana kwa ugonjwa wa malale, na Alupe palikuwa na hospitali ya kuwatibu wagonjwa wake. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ni jambo la kujivunia, lakini mbung'o mwenyewe hakutia sahihi mkataba wowote. Watu wengi humwita kila inzi mkubwa anayeuma mbung'o. Mpige picha akiwa ametua na utaona. Mbung'o halisi hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na katikati ya bawa ana kichumba chenye umbo la shoka. Inzi wa kawaida hana shoka hilo.

Sasa tuje kwenye kifaa, maana najua mnawaza, "Huyu anataka tununuliwe kamera ya maelfu." La hasha. Lenzi ninazozitaja ziko hapa hapa mjini, kwenye masanduku ya mafundi wa redio na televisheni, na hutupwa.

Chukua deki ya DVD iliyokufa. Ifungue ikiwa haina umeme kabisa, kwa sababu ule mwale wa leza huumiza jicho. Ndani utakuta kigari kidogo kinachotembea kwenye vyuma viwili, na juu yake kilenzi kama punje ya dengu, kimeshikwa na nyaya nyembamba kama unywele. Kibandue taratibu kwa pini. Usikishike kwa vidole vyenye jasho. Toboa kadibodi tundu dogo, kiweke humo, kisha uibandike kadibodi hiyo mbele ya kamera ya simu kwa selotepu au uibane kwa kibanio cha nywele. Upande ulionenepa uelekee simu, na ule ulio bapa zaidi umwelekee mdudu. Ukiona ukungu, kigeuze. Lenzi hii ina nguvu za kutisha, ila ina adabu mbaya: lazima usogee hadi milimita moja au mbili kutoka kwa mdudu. Ni nzuri kwa mayai, kwa bawa lililodondoka, kwa inzi mweupe aliyekufa. Kwa panzi aliye hai, sahau. Ataruka akuache na jani.

Kwa mdudu aliye hai afadhali lenzi ya kile kitochi cha leza ambacho watoto huchezea, au kioo cha jichoni cha fundi wa saa. Hapa nawaomba wenzangu wa Fizikia wakumbuke somo la lenzi mbonyeo, wasiliache ubaoni. Kamera ya simu ikiwa imetazama mbali, ukiweka mbele yake lenzi nyingine, mdudu ataonekana wazi akiwa umbali ulio sawa na urefu wa fokasi wa hiyo lenzi uliyoiongeza. Kioo cha fundi wa saa kinachokuza mara kumi kina fokasi ya milimita 25, kwa hiyo mdudu anakaa sentimita mbili na nusu kutoka kwenye kioo, na wewe unapumua kidogo. Na bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni lenzi ya milimita 50 ya kamera za zamani za filamu. Wapiga picha wa hapa mjini walizitumia kabla ya simu kuwanyang'anya wateja, na baadhi yao bado wanazo ndani ya madroo, zimeota kuvu. Igeuze kinyumenyume, ule upande wa mbele ushikane na simu, na utapata nafasi ya sentimita kadhaa kati yako na mdudu. Kuvu kidogo pembeni hakuharibu picha. Kipande cha bomba la maji au kiini cha karatasi ya msalani kinatosha kuishikilia.

Wengine watakuambia uweke tone la maji juu ya kamera. Ni kweli, tone ni lenzi na linakuza. Lakini kwa simu ya mama yako sikushauri.

Tena kuna siri ya mwanga na ya mkono. Kadiri unavyokuza, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba, hata unaweza kupata jicho la vunjajungu likiwa safi na miguu yake ikiwa moshi mtupu. Kwa hiyo usiguseguse kioo cha simu ukitafuta uwazi. Egemeza kiwiko kwenye goti au jiwe, zuia pumzi, usogee wewe mwenyewe mbele na nyuma kwa upole kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, huku ukipiga picha mfululizo. Piga ishirini, bakisha moja. Toka asubuhi mapema kabla jua halijapata nguvu, kwani wadudu wengi wakiwa na baridi hawana haraka. Jua la saa sita hutoa weupe unaoumiza na vivuli vyeusi, hivyo liweke kinga ya karatasi nyeupe nyembamba. (Zamani mfuko wa plastiki mweupe ungefaa sana, lakini Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, na sisi wa mpakani tusijifanye hatujui mifuko mingine hutoka wapi.) Kando ya mdudu weka punje ya mchele au sarafu ya shilingi moja, ili anayetazama ajue ukubwa wake. Bila kipimo, kiroboto na ng'ombe ni sawa katika picha.

Na hapa naomba niseme jambo linaloniudhi. Wako watu ambao humweka mdudu ndani ya barafu, au humgundisha kwenye kijiti kwa gundi, ili atulie apigwe picha nzuri. Picha hiyo ni ya uongo. Mdudu aliyegundishwa hakuambii anakula nini, anatembea saa ngapi, wala nani anamla. Hata ile desturi ya kuwakusanya na kuwachoma pini kwenye ubao wa maabara, nakubali ina kazi yake, lakini baada ya muhula mmoja panzi amekuwa kahawia, kipepeo amepoteza bawa na siafu amebaki kichwa. Picha ya karibu ya mdudu akiwa hai juu ya jani lake haiozi, na yeye anabaki na maisha yake. Vilevile mnajua kwamba katika mtihani wa vitendo wa Biolojia, ule wa KCSE, mara nyingi mtahiniwa huletewa picha za viumbe awatambue. Mtu aliyewapiga picha kwa mkono wake hawezi kubabaika mbele ya mguu wa panzi.

Msidhani vifaa vya kuungaunga ni vya kitoto. Katika karne ya 17, mji wa Delft huko Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek. Wauza vitambaa wa wakati huo walitumia vioo vya kukuza kuhesabu nyuzi. Yeye hakutosheka. Alijitengenezea vilenzi vidogo mno kwa mikono yake, akatazama chawa, kiroboto, jicho la nyuki na tone la maji, akawaandikia wataalamu wa London kwa lugha yake ya nyumbani, kwa kuwa Kilatini hakukijua. Katika barua ya mwaka 1676 aliwaeleza viumbe vidogo ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvieleza kabla yake. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa nguo, kama walivyo wengi katika soko letu la mitumba.

Na kama mnataka mtu wa karibu, yuko marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, kisha Cambridge. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, ambacho makao yake yako Nairobi na kina tawi Mbita, ufukweni mwa ziwa letu. Huko ndiko ulikotoka ule mtindo wa vuta-sukuma, wa kupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili imfukuze nondo, na kuzungushia majani ya mabingobingo yamvutie nje. Wakulima wengi wa magharibi wanautumia, na huzuia hata lile gugu la kiduha lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Mwaka 1993 kituo hicho kiliachilia mashambani nyigu mdogo sana wa kutoka Asia, anayetaga mayai ndani ya funza wa mabua na kumwua. Na mwaka 2017 nyigu mwingine wa jamaa hiyo, wa hapa Afrika, alipewa jina la kisayansi la Cotesia icipe kwa heshima ya kituo. Nyigu huyu naye humwingilia kiwavijeshi vamizi. Ni mdogo kuliko punje ya mchele. Mkulima anayepuliza dawa ovyo humwua rafiki yake huyu kabla ya adui, kwa sababu adui yuko ndani amejificha na rafiki yuko nje anafanya kazi. Ni nani kati yetu amewahi kumwona? Picha yake ikibandikwa ukutani, mzee atafikiri mara mbili kabla ya kufungua chupa.

Mtaniuliza: basi kwa nini Chama cha Kiswahili? Si hilo ni jambo la wale wa sayansi? Swali zuri, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mdudu asiye na jina hawezi kuzungumzwa. Kwa Kiingereza yule kiwavi amepewa jina la majira ya majani kupukutika, majira ambayo hatunayo hapa. Sisi tuna masika na vuli. Kiswahili kimemwita vamizi, na hapo hapo mkulima ameelewa tabia yake bila kueleza zaidi. Hilo ni jina lililotengenezwa na watu wenye akili. Lakini wangapi hawana jina? Tunasema "mdudu" kwa siafu, kwa buibui, kwa jongoo, na wengine hata kwa nyoka na kwa ugonjwa mbaya. Mwalimu wa Biolojia akisema mdudu ana miguu sita na buibui si mdudu, darasa zima hucheka, kwani nyumbani buibui ni mdudu namba moja. Inafaa tuketi tulizungumze, tukiwa na picha mbele yetu na miguu ikihesabika.

Isitoshe, sisi tuna utajiri wa mpakani. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, Mluhya anasema tsiswa au chiswa, Mjaluo anasema ng'wen, na upande wa pili Muganda anasema enswa, na wote wanakimbilia karai na sufuria. Senene wanaoletwa kutoka Uganda wameingia katika Kiswahili chetu bila kupigiwa mhuri. Nataka chini ya kila picha tuandike jina la Kiswahili, kisha majina ya nyumbani kwetu, Kiteso kikiwemo, tukiwauliza wazee. Baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka hapa Busia na Malaba ndizo zilizozaa neno bodaboda, na leo neno hilo linatumika hadi Dar es Salaam na mbali zaidi. Waliounda lile kiti cha sponji juu ya kerio la baiskeli hawakungoja kamati ya kuwapa jina.

Ziko pingamizi, nami nimezisikia. Mzee mmoja jirani yetu aliponikuta nimelala kifudifudi kwenye shamba lake huko njia ya Malaba, aliniuliza, "Kijana, hii dudu inamaliza mahindi yangu, na wewe unaipiga picha ati ni bibi arusi?" Nilimwonyesha vile vidoa vinne. Akaniambia nisogee, akachuchumaa, akaitazama picha, akamtazama kiwavi, akarudi kwa picha. Kisha akamwita mkewe. Siwezi kusema alifurahi, maana shamba lilikuwa limeliwa, lakini hakuniuliza tena habari za bibi arusi.

Wengine watasema kazi hii imekwisha kufanywa. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, jina la Kiswahili kabisa, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na shirika la FAO na taasisi ya IITA, ikatolewa mwaka 2018. Mkulima huelekeza simu kwenye jani la muhogo au la mahindi, nayo humwambia dalili ni za nini, hata pasipo intaneti. Ni kazi nzuri na anayeweza aitumie. Lakini Nuru hutazama kidonda. Mimi nataka tumtazame aliyeuma.

Pingamizi kubwa ni ile ya walimu wetu wapendwa, kwamba simu ni marufuku kwa wanafunzi. Walimu, msidhani sijui sababu. Nimeona wenzetu wakisinzia darasani kwa kuwa usiku waliongea chini ya blanketi, na habari za wizi wa mitihani kwa simu tumezisoma sote. Sheria hiyo siipingi. Ninachosema ni kwamba simu isiyo na laini si simu, ni kamera. Bila intaneti haipigiwi wala haitumi ujumbe. Iwe ile kuukuu, kioo chake kimepasuka, mradi kamera inaona. Ikae kwenye kabati la mwalimu mlezi, itolewe Jumamosi saa nane mchana na Jumapili asubuhi baada ya ibada, irudishwe ikiwa imeandikishwa daftarini kama tunavyofanya na darubini ya maabara. Darubini hatuogopi kuazimana, na ilinunuliwa ghali kuliko hii. Atakayeitia laini, afukuzwe chamani, mimi mwenyewe nitaunga mkono.

Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo nimeongea na wenzangu kabla ya kuandika haya. Mwenzetu wa kidato cha pili ana mjomba fundi wa televisheni karibu na stendi ya Busia, naye ametupa deki mbili mbovu bure. Tumekwisha kutoa lenzi zote mbili, na moja haina hata mkwaruzo. Kioo cha fundi wa saa tumekipata kwa bei ya soda mbili. Mwalimu wa Kilimo amekubali tuanzie kwenye mahindi ya shule, yale ya nyuma ya bweni, ambayo kama hamjayatazama hivi karibuni nawaambia yametobolewa. Wenye nyumba za Malaba, Alupe, Matayos, Amukura na Funyula watapewa karatasi ya kuandika majina wakienda likizo: mdudu gani, alikutwa juu ya mmea gani, tarehe gani, na wazee wanamwitaje. Picha ishirini za kwanza tutaziomba zichapishwe katika jarida la mwaka ujao, na nyingine zibandikwe kwenye ukumbi siku ya wazazi, mahali ambapo wakulima watazifikia bila kuuliza njia.

Kila kitu kiko tayari isipokuwa simu. Barua ya maombi imefikishwa ofisini na mwalimu mlezi, nasi tunangoja jibu kabla mahindi hayajatoa mbelewele.